Anayependekeza Filamu Ni Shahidi: Kuhusu Filamu Mbili za Kisangani za Dieudo Hamadi

1. Utangulizi

Katika miji mingi ya Kongo, ambako kumbi za sinema za zamani zimefungwa au zimegeuzwa kuwa nyumba za ibada, filamu humfikia mtu kwa maneno kabla ya kumfikia kwa picha. Mwenzake huitazama kwanza, katika kituo cha utamaduni, katika televisheni au katika simu, kisha humwambia: itafute, au: iache. Maneno hayo machache ndiyo tangazo, ndiyo hukumu, na mara nyingi ndiyo yote yatakayojulikana kuhusu kazi hiyo. Kwa hiyo kupendekeza filamu si mazungumzo ya kupitisha wakati tu. Ni tendo la uhakiki, nalo linastahili kupimwa kama uhakiki mwingine wowote.

Mtu akiyasikiliza mapendekezo hayo, hata miongoni mwa wasomi, atayakuta ya aina tatu. Ya kwanza husimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili hutaja tuzo na tamasha za Ulaya, kana kwamba sifa iliyotolewa mbali yatosha kuwa sababu. Ya tatu hutaja hisia: inahuzunisha, inachekesha, haifai kutazamwa pamoja na watoto. Aina zote tatu zina upungufu mmoja: zingeweza kutolewa na mtu aliyeziba masikio yake tangu mwanzo wa filamu. Hazisemi lolote juu ya lugha ya watu wanaoonekana. Iwapo filamu inasema lugha ya kigeni, hasara si kubwa. Iwapo inasema Kiswahili cha Kongo, na msikilizaji wa pendekezo ni msemaji wa Kiswahili cha Kongo, hasara ni kubwa mno, kwa kuwa jambo ambalo yeye peke yake angeweza kulipima ndilo linaloachwa nje.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo hilo kwa kuzingatia filamu mbili za Dieudo Hamadi, Maman Colonelle (2017) na En route pour le milliard (2020). Uchunguzi utaanzia kwenye vichwa vyake, kwa sababu kichwa ndicho pendekezo la kwanza ambalo msanii mwenyewe humpa mtazamaji.

2. Msanii na mji wake

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984, na alisomea udaktari kabla ya kuingia katika kazi ya filamu. Filamu zake hazina waigizaji wa kulipwa wala kisa cha kubuni. Huonyesha watu halisi wakifanya mambo yao halisi, na kamera huwafuata kwa subira.

Kisangani yenyewe ni somo kwa mwanaisimu. Hapo Kilingala kinachopanda na mto hukutana na Kiswahili kinachotoka mashariki, na juu ya vyote viwili kuna Kifaransa cha ofisi na shule. Sentensi moja yaweza kuanza katika lugha hii na kuishia katika ile, na kila kuvuka kuna maana yake: hasira, heshima, mzaha, au kutaka kuonekana mtu wa serikali.

Ni katika mji huo ambamo majeshi ya nchi mbili za nje, Rwanda na Uganda, yalipigana kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inakadiria raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa kuwa zaidi ya elfu moja. Vita hivyo vya siku sita ndivyo vinavyoziunganisha filamu hizi mbili.

3. Mama na koloneli

Filamu ya kwanza inamfuata koloneli Honorine Munyole, afisa wa polisi anayeongoza kikosi maalumu cha kuwalinda wanawake na watoto. Anahamishwa kutoka Bukavu na kupelekwa Kisangani. Huko anakutana na watoto walioshutumiwa kuwa wachawi, na wajane na manusura wa vita vya mwaka 2000 ambao bado wanangoja mtu wa kuwasikiliza.

Kichwa Maman Colonelle kinaonekana chepesi. Msomaji wa Ulaya atafahamu kwamba koloneli huyu ana moyo wa mama, na atatarajia filamu ya upole. Lakini katika Kiswahili cha Kongo, kama ilivyo katika Kilingala, neno mama likitangulizwa mbele ya jina au cheo si habari ya moyo wa mtu. Ni heshima ya kawaida ambayo kila mwanamke mzima hustahili: mama mwalimu, mama daktari, mama wa sokoni. Anayeita "mama koloneli" hajamsifu wala hajambembeleza. Amemweka mahali pake katika jamii.

Hata hivyo maneno hayo mawili hayavutani upande mmoja, na hapa ndipo dhamira ya filamu ilipo. Koloneli ni neno la serikali, nalo huleta amri, bunduki na hofu. Mama ni neno la ujamaa, nalo huleta madai, kwa maana aitwaye mama hawezi kusema kwamba shida ya mtoto si kazi yake. Watu wa Kisangani wanapomwita kwa maneno yote mawili, wanamdai mara mbili. Serikali iliyomtuma haikumpa fedha za kutosha kulipa madai ya neno la kwanza, naye analazimika kulipa kwa neno la pili: anawakusanya wajane na watoto, anawatafutia makao, anawaendea wananchi kuomba mchango. Mtazamaji anayesoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha ataona mwanamke mwema. Mtazamaji anayesikia ataona taasisi inayojificha nyuma ya mwanamke mwema. Ni filamu mbili tofauti, na mwenye kuipendekeza hana budi kusema ni ipi aliyoitazama.

4. Deni lililopotea katika kichwa

Filamu ya pili inawaweka mbele manusura wenyewe. Wengi wao walikatwa miguu au mikono. Baada ya miaka karibu ishirini ya kungoja, kundi lao linapanda chombo na kushuka mto Kongo, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, ili kufikisha madai yao Kinshasa. Ilichaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes ya mwaka 2020.

Kwa Kifaransa filamu inaitwa En route pour le milliard. Milliard ni milioni mara elfu moja, yaani kile ambacho Kiswahili cha Afrika Mashariki hukiita bilioni. Kichwa hicho kinasema wazi kwamba watu hawa wako njiani kufuata fedha, na fedha hizo ni deni. Kwa Kiingereza filamu hiyo hiyo ilipewa jina Downstream to Kinshasa, yaani kushuka mto kwenda Kinshasa. Mto umebaki, mji umeongezwa, deni limetoweka. Anayekutana na kichwa cha pili atatarajia filamu ya safari: maji, mvua, turubai, jua likitua. Vyote hivyo vimo, na vimepigwa picha kwa ustadi. Lakini ndiyo njia tu, siyo mwendo wenyewe.

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mhakiki hapaswi kuvichanganya hapa: kuomba na kudai. Mwombaji hutegemea huruma ya mwenye kutoa. Akinyimwa hushukuru na kuondoka. Mdai hutegemea haki. Akinyimwa hurudi kesho. Uchungu wa filamu unatokana na kwamba watu hawa waliondoka nyumbani wakiwa wadai, na katika milango ya Kinshasa wanapokewa kama waombaji. Kilema chao, ambacho ndicho ushahidi wao, kinageuzwa kuwa sababu ya kuwahurumia na kuwafukuza. Kwa hiyo anayeipendekeza filamu kwa kusema kwamba ni habari ya walemavu wanaokwenda kuomba msaada amerudia, bila kujua, kosa la wale waliowafungia milango.

Haki hiyo haikuwa ndoto. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamua kwamba Uganda ilipaswa kuilipa Kongo fidia. Filamu ilikamilika kabla kiasi hakijatajwa. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo ilikitaja: dola milioni 325 kwa madhara yote, katika hizo milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu. Awamu ya kwanza, dola milioni 65, ililipwa Septemba 2022. Basi ile bilioni ya kichwa haikupatikana, na kilichoamuliwa hakifiki nusu yake. Tena si kwa ajili ya Kisangani peke yake. Anayeipendekeza filamu leo anapaswa kumwongezea mtazamaji habari hiyo, la sivyo mtazamaji atadhani kwamba kisa kiliishia kwenye mvua ya Kinshasa.

5. Kasoro na mabishano

Pendekezo lisilotaja kasoro halisadikiki. Katika Maman Colonelle, vita vya siku sita havielezwi vya kutosha. Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 aweza kufika mwisho bila kujua nani alipigana na nani. Kamera nayo humshikilia koloneli kiasi kwamba wakubwa wake, ambao wangepaswa kuulizwa, hubaki nje ya picha. Katika En route pour le milliard, sauti ni nyingi chomboni, na mtazamaji huchukua muda kumtambua kila mmoja.

Wapo pia wanaoshutumu kwamba filamu inaonyesha viungo vilivyokatwa bila kuona haya. Shutuma hiyo haina nguvu. Msanii ameingiza vipande vya tamthilia ambamo manusura wanapanda jukwaani na kucheza maumivu yao wenyewe. Jukwaani wanasema maneno waliyoyapanga, chomboni wanabishana, wanataniana na kukasirikiana. Mtu anayejipangia maneno yake na kuonyesha mwili wake kwa hiari hakudhalilishwa. Anatoa ushahidi.

Kuhusu tafsiri ya chini ya picha, yafaa kuwa na haki. Nafasi yake ni mistari miwili, na jicho husoma polepole kuliko sikio linavyosikia. Lazima kitu kiachwe. Kinachoachwa kwanza ni viitaji, yaani mama, papa, yaya, na mivuko kutoka lugha moja kwenda nyingine. Si uzembe wa mfasiri, bali ni pengo ambalo mhakiki mwenye lugha anaweza kulijaza, na asipolijaza yeye hakuna mwingine.

6. Hitimisho

Uhakiki wa namna hiyo si mgeni katika nchi hii. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliwazoeza watazamaji wa Katanga, kwa miaka mingi, kutazama tamthilia za Kiswahili chao katika televisheni na kuzijadili kwa Kiswahili hicho hicho. Johannes Fabian alipochunguza mchezo walioutunga mwaka 1986, hakutosheka na kusimulia kisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 aliandika maneno yenyewe ya wachezaji, kama yalivyosemwa, na kuyafafanua. Filamu za Kisangani zinastahili masikio ya namna hiyo, safari hii kutoka kwa wasomi wenye lugha.

Basi filamu hizi mbili zitazamwe, tena kwa mpangilio: kwanza Maman Colonelle, ambamo manusura wanaonekana wakingoja, kisha En route pour le milliard, ambamo wanaondoka. Mwanafunzi anayetaka kuanza na jambo lililo karibu naye aweza kutanguliza Examen d'État (2014), ambamo msanii huyo huyo anawafuata wanafunzi wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa baada ya kufukuzwa darasani kwa kukosa karo. Na atakayemwambia mwenzake habari za filamu hizi amwambie pia alichosikia: nani alimwita nani mama, na nani alidai akajibiwa kama aliyeomba.