Nani Anatembea Nyuma ya Farasi?

West with the Night, kitabu cha Beryl Markham cha 1942, husifiwa kwa sababu ya ndege. Mimi nilivutwa na farasi. Ukame umemfilisi babake kule Njoro, mzee anaondoka kwenda Peru, na msichana anamtandika Pegasus na kupanda Molo, mita kama 2,500 juu, mali yake yote ikiwa kwenye mifuko ya tandiko. Kurasa hizo ni tamu, acha tu. Ukipita njia panda ya Molo kwa matatu ya Eldoret, utaitazama milima ile kwa jicho lingine.

Lakini kuna Kibii. Ni Mnandi, waliyecheza na kuwinda pamoja utotoni. Akishakuwa mwanamume anaitwa arap Ruta, na kazi yake ni kumsaidia Beryl kutunza farasi. Mwandishi mwenyewe anakubali kwamba zamani walitembea pamoja na sasa Ruta anatembea nyuma yake. Halafu? Hadithi inasonga mbele, hata haigeuki.

Hapo ndipo nagombana na kitabu. Kuona dhuluma kwa sentensi chache nzuri si sawa na kuisimulia. Ruta anaongea, ndiyo, lakini kila neno limepitia kinywa cha memsahibu.

Huku Uasin Gishu na Nandi bado wapo wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Tuwaulize sasa, wangali hai: ukiwa nyuma ya farasi, uliona nini?