Kosa Si Kupanda, Kosa Ni Kushukia

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya tatu, Hiace tuliyopanda Bweri, Musoma, ilisimama njia panda ya Kiabakari. Mwenyekiti wa msafara wetu akashuka, akakaza kamba za raba, akageukia upande wa Bunda na kusema, “Haya wazee, twendeni.” Kwa hesabu yangu matembezi yaliishia hapo. Lami yote tuliyoikanyaga baada ya hapo ilikuwa mazoezi ya viungo.

Mliokuwepo mnanielewa. Ambao hamkuwepo mmeshaziona picha kwenye simu za watu, zile za fulana zilizoandikwa “Mwisenge hadi Bunda kwa miguu”. Fulana hizo zilichapwa kabla hata hatujatoka Musoma. Nilisema tangu siku ile kuwa fulana ya safari huchapwa watu wakirudi, nikaambiwa wivu unanisumbua.

Ratiba ilikuwa safi na naisifu bila kinyongo: hatua tatu kwa Jumamosi tatu, kila jioni tunarudi kulala Musoma. Hatua ya kwanza, Shule ya Msingi Mwisenge hadi Makutano Juu, ilitembewa vizuri, maji yalitosha, hakuna aliyechubuka. Hatua ya pili, Makutano Juu hadi Kiabakari kupitia Butiama, tulifika Mwitongo kabla ya saa sita, tukasimama kaburini kwa Mwalimu Nyerere, tukala ugali wa udaga na sato, tukashika njia ya kuteremkia Kiabakari.

Saa kumi ikaja mvua. Mnaijua mvua ya upande huu wa ziwa, haibishi hodi. Radi ilikuwa inapiga karibu, na sisi tulikuwa kumi na wawili kwenye barabara iliyo wazi. Tulijibanza kwenye kibaraza cha mama mmoja, jirani na kalvati, pale ambapo majiwe makubwa yamelala kama ng’ombe waliocheua wakasinzia, huku yeye na wanawe wakikimbizana kuuanua udaga uliokuwa umeanikwa juu yake. Ikapita gari ya kutoka Butiama, mwenyekiti akaipungia, tukapanda. Zilikuwa zimebaki kama kilomita nne kufika Kiabakari. Uamuzi ule wa jioni ulikuwa sahihi, hata mimi ningeamua hivyo.

Sasa turudi asubuhi ile ya tatu.

Kutembea kwa hatua huku ukitumia magari ya abiria kuna kanuni moja tu, na haihitaji kitabu: mguu uanzie ulipoishia. Gari inakutoa njiani jioni na kukurudisha njiani asubuhi. Kazi yake ni hiyo, kama ngazi ya fundi. Ukipanda kwa sababu ya mvua, giza au goti, hujaharibu kitu. Unaharibu unapochagua pa kushukia. Tulipandia kwenye kalvati na tukashukia njia panda, na katikati ya sehemu hizo mbili kuna kilomita nne ambazo nyayo zetu hazimo.

Nilimwambia mwenyekiti pale pale, na utetezi wake ulikuwa wa mafungu matatu.

Kwanza, muda. Alisema tukirudi nyuma tutachelewa Bunda na tutakosa gari ya kutoka. Haya tupige hesabu. Kilomita nne kwa mwendo wetu ni saa moja, na kufika kwenye kalvati kwa bodaboda ni dakika kumi. Bunda tuliingia saa tisa alasiri, tukakaa stendi tukinywa soda mpaka saa kumi na moja. Ile saa aliyoihofia ilikuwepo, na ya pili yake. Halafu Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Jioni magari ya kutoka Mwanza yanapita pale moja baada ya jingine. Ukitafuta mahali katika mkoa huu pa kutohofia kukosa gari, Bunda ni mojawapo.

Pili, usafiri. Alisema asubuhi hakuna gari ya kuelekea Butiama. Mtu anayesema hivi hajawahi kutazama stendi, ametazama saa yake tu. Asubuhi abiria wanatoka vijijini kwenda mjini, kwa hiyo gari inayokwenda mjini imejaa, na ile inayorudi kijijini inabembeleza watu. Ng’ambo ya barabara, hatua ishirini kutoka alipokuwa anakaza kamba, palikuwa na gari ya Butiama yenye abiria wawili. Konda alikuwa anatuita. Nilimuuliza kama atatushusha kwenye kalvati, akanijibu, “Mzee, wewe panda tu, nitakushusha hata mlangoni.” Pembeni yake bodaboda watano walikuwa wamekalia pikipiki zao, hawana kazi.

Tatu, na hili ndilo lililoniudhi, alisema kilomita nne ni kitu gani katika safari nzima. Mvuvi wa Mwigobero hasemi wavu wake umechanika mahali pamoja tu. Anakaa chini anaushona, kwa sababu samaki hawatafuti mahali pazima pa kupita.

Najua nitaambiwa nimerudi kwenye wimbo wangu wa zamani, na kweli nimerudi. Oktoba 1967 Mwalimu alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, maili 138, karibu kilomita 220, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Alikuwa na miaka arobaini na mitano na nchi nzima begani. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza mwaka, na vijana walikuwa wanatembea mkoa kwa mkoa kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifia njiani. Watu wa namna hiyo hawakuwa na mjadala wa waanzie wapi asubuhi. Walilala walipofika, wakaamka hapo hapo, wakaendelea. Kitanda chao na nyayo zao vilikuwa mahali pamoja.

Mwenyekiti wetu hajaelewa jambo hilo, ingawa anashika kifimbo kama cha Mwalimu na kukitumia kuonyeshea vilima. Sisi tunaorudi kulala Musoma tumevitenganisha vile viwili. Nyayo zimebaki kwenye kalvati, kitanda kiko Nyasho, na anayeviunganisha ni konda. Kwa hiyo aliyelala njiani hana haja ya kukumbuka alipoishia, lakini aliyelala nyumbani asipokumbuka, hana safari. Hata Hispania, mahujaji wa Santiago de Compostela wana kijitabu kinachogongwa mihuri njiani, na anayekwenda kwa miguu asipotimiza walau kilomita 100 hapewi cheti. Wengi wao wanaikata njia ile vipande kwa miaka, na kila mwaka wanarudi kwenye mji ule ule walioishia.

Sisi hatuhitaji mihuri. Unapoishia, tafuta kitu kisichohama: kalvati, jiwe, namba ya nguzo ya umeme. Mti usiutegemee sana, unaweza kurudi ukakuta mkaa. Kisha uliza wenyeji mahali pale panaitwaje, kwa sababu konda haelewi habari za kilomita, anaelewa “kwa mama fulani” na “kwenye mwembe”. Andika kwenye karatasi. Simu ya mwenyekiti, ile anayoisifia kwamba inahesabu hatua, siku ile ya mvua ilihesabu na mitikisiko ya gari. Jioni ilimpongeza kwa kutembea akiwa amekaa kiti cha mbele.

Na hizo raba. Nimesema mara ngapi kwamba raba mpya haiendi safari ndefu? Katika hatua ya tatu watu wanne walichechemea kuanzia saa tano. Aliyevaa katambuga, mzee kuliko sisi wote, aliingia Bunda anapiga mluzi.

Hatua yenyewe ya tatu ilikuwa nzuri: kando ya barabara kwa mstari mmoja, tukiyatazama magari yanayokuja, mapumziko kila saa, hakuna aliyeachwa nyuma. Nimemaliza kuisifu.

Jumapili sikwenda na wenzangu kutazama picha. Nilipanda Hiace Bweri, nikashuka Kiabakari, nikapanda gari ya Butiama iliyokuwa na abiria watatu, nikamwambia konda anishushe kwenye kalvati. Juu ya majiwe udaga ulikuwa umeanikwa tena, mweupe, na mama alikuwa anaugeuza kwa mikono.

“Shikamoo baba. Leo uko peke yako?”

“Marahaba mama. Wenzangu wameshafika Bunda.”

Akanitazama, akaitazama barabara ya Kiabakari, akacheka kidogo. “Wamepitia wapi?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Akaingia ndani, akatoka na kifimbo cheusi chenye kirungu. Kilikuwa kimesahaulika kibarazani siku ya mvua. Nilimwambia akiweke tu, mwenyewe atakifuata. Nikatembea kilomita zangu nne hadi njia panda kwa dakika hamsini na tano.

Mwenyekiti, fimbo yako iko salama. Gari ya kukupeleka asubuhi haijawahi kujaa. Ila kurudi, urudi kwa miguu.