Kabla Hujalipia Kozi ya Uokoaji, Uliza Wangapi Walifeli

Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Slabu ya mita tatu kwa nne yenye unene wa sentimita 15, yaani sakafu ya chumba kimoja cha kulala, inapita kilo 4,300. Mikono mitupu haiiwezi, hata ikiwa mingi na yenye huruma. Eskaveta inaiweza, lakini dereva asiyejua slabu hiyo imeegemea nini upande wa pili anaweza kumuua mtu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anaitika. Uokoaji wa kiufundi unaanzia hapo, kati ya mikono mitupu na eskaveta. Ni kazi yenye mafunzo yake, na mafunzo hayo ni ghali. Anayetia saini kuyalipia mara nyingi hajawahi kuingia chini ya kifusi, kwa hiyo anachagua kwa kutazama vyeti na bei.

Njia bora ya kuchagua ni kutazama kwanza kazi yenyewe ilivyofanyika. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto katika mtaa wa Huruma liliporomoka. Watu wapatao 50 walipoteza maisha. Lakini baada ya saa kama 80, mtoto mchanga wa miezi isiyozidi saba alitolewa akiwa hai, na tarehe 5 Mei, siku ya sita, wakatolewa watu wanne wengine wakiwa hai. Mmoja wao, mwanamke, alipewa oksijeni na kutundikiwa dripu akiwa bado amebanwa, huku waokoaji wakiendelea kukata na kuchimba kumfikia. Novemba 2024, jengo la Kariakoo lilipoanguka jijini Dar es Salaam, waliokwama chini waliwasiliana na waliokuwa juu, nao wakapelekewa oksijeni, maji na glukosi.

Ile dripu ya Huruma ina maana kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha za televisheni. Msuli uliokandamizwa kwa saa nyingi unaanza kufa, na ndani yake hujikusanya potasiamu pamoja na sumu nyingine. Uzito ukiondolewa ghafla, vyote hivyo hukimbilia kwenye damu, na moyo unaweza kusimama dakika chache tu baada ya watu kupiga makofi. Ndiyo maana maji ya dripu huanza kuingia mwilini kabla slabu haijanyanyuliwa. Hivyo basi, swali la kwanza kwa anayeuza kozi ya majengo yaliyoporomoka ni hili: je, daktari au muuguzi anafundishwa pamoja na waokoaji, ndani ya shimo lile lile? Kama tabibu anatajwa kwenye mada ya nusu saa ya huduma ya kwanza peke yake, kozi hiyo inafundisha kuchimba tu.

Swali la pili linahusu mbao. Slabu hunyanyuliwa kidogo kidogo kwa jeki au kwa mifuko ya upepo, na kila inapopanda sentimita mbili, mbao husukumwa chini yake papo hapo, ili jeki ikiteleza mzigo usianguke zaidi ya hizo sentimita mbili. Mbao hupangwa mbili mbili kwa kupishana, safu juu ya safu, mpaka zinakuwa mnara mdogo wenye pembe nne za kubebea uzito. Mnara huo haupaswi kuzidi kimo cha mara tatu ya upana wake, la sivyo unayumba. Kwa mbao laini zinazotumiwa Marekani, za inchi nne kwa nne, mnara mmoja wa namna hiyo hukadiriwa kubeba karibu tani 11. Hesabu hiyo ndiyo inayofundishwa na wakufunzi wengi wa kigeni, na ni sahihi kwa mbao zao. Sisi tutakachokuwa nacho saa nane za usiku ni mirunda ya mkaratusi na mbao za msonobari zilizotoka shambani juzi, nyingine mbichi bado. Mkufunzi anayefaa ataomba kuziona mbao hizo kabla ya kuandika ratiba, kisha ataendesha mazoezi kwa kutumia hizo hizo. Anayekuja na makontena ya vifaa vyake, akafundisha navyo, kisha akaondoka navyo, anakiacha kikosi na kumbukumbu ya vitu ambavyo hakitavishika tena.

Majengo huvuta kamera. Pamoja na hayo, kikosi cha wilaya kitaitwa mara nyingi zaidi kwenye kisima, kwenye karo la maji taka au kwenye shimo la wachimbaji wadogo. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu yasiyo na hewa ya kutosha walikuwa wale walioingia kuokoa wenzao. Kila anayesoma magazeti yetu anaifahamu habari hiyo: mmoja ameshuka kutoa ndoo, hakurudi, ndugu akamfuata, kisha jirani. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na ikishuka chini ya 19.5 sehemu hiyo tayari ni ya hatari. Gesi ya karo, ile yenye harufu ya yai viza, ina ujanja wake wa kutisha: ikizidi kiwango fulani inaua hisia ya pua, na mtu anadhani imekwisha wakati ndiyo imezidi.

Kwa hiyo kozi ya maeneo finyu ipimwe kwa jinsi inavyofundisha kutoingia. Kipima gesi kinashushwa kwa kamba na kusomwa juu, katikati na chini, kwa kuwa gesi nyingine huelea na nyingine hutuama. Oksijeni husomwa kwanza, kisha gesi zinazowaka, kisha zenye sumu. Mfanyakazi anayeshuka kwa kazi ya kawaida anakuwa tayari amefungwa kamba inayopita kwenye kapi la miguu mitatu, ili akizirai avutwe na walio juu bila mtu mwingine kushuka. Ningependa kuona katika mtihani wa kila kozi tukio moja ambalo jibu lake sahihi ni kiongozi wa kikosi kusema hapana, hatuingii, hata ndugu wa aliyemo wakilia pembeni. Hilo ni gumu kuliko fundo lolote la kamba, na anayelikabili kwa mara ya kwanza kwenye tukio halisi atashindwa.

Kuhusu vyeti, kuna jambo moja la kuelewa. Viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, ambavyo watoa mafunzo wengi huvinukuu, vinagawa uwezo katika ngazi tatu: kutambua hatari na kuita msaada, kutenda kwa mipaka, na ufundi kamili. Tena kila eneo lina ngazi zake. Fundi wa kamba hageuki fundi wa mitaro iliyobomoka kwa kuwa amevaa kofia ile ile. Kozi ya siku tano inayoahidi kamba, visima, mitaro, majengo na maji yaendayo kasi inaweza kumfikisha mtu kwenye ngazi ya kwanza katika yote hayo. Si haba, mradi iuzwe kwa jina hilo. Ikiuzwa kama ufundi kamili, mnunuzi anapeleka vijana wake mahali ambapo wataamini wanajua.

Kipimo kingine kinatoka kwa INSARAG, mtandao wa uokoaji ulio chini ya Umoja wa Mataifa tangu 1991. Timu inayoomba kutambuliwa kuwa ya daraja la kati lazima iweze kufanya kazi usiku na mchana katika eneo moja kwa siku saba. Ya daraja zito, maeneo mawili kwa siku kumi. Hukaguliwa katika zoezi refu, na baada ya miaka mitano hukaguliwa upya. Wilaya zetu hazihitaji kuanzia huko. Kinachofaa kuigwa ni namna ya kupima: watu wamechoka, ni usiku, na kazi haijaisha. Muulize mtoa mafunzo ni saa ngapi za kozi yake zinafanyika gizani, mkufunzi mmoja anasimamia wanafunzi wangapi wakiwa chini ya mzigo halisi, na katika kozi zake zilizopita wangapi walifeli. Akijibu kwa fahari kwamba hakuna, basi hajawahi kupima mtu.

Kuna kundi ambalo karibu kila mpango wa mafunzo unalisahau, nalo ni madereva wa kreni na eskaveta. Jengo likianguka, mitambo hukopwa kwa makandarasi, na dereva hufika akiwa na ujuzi wa kubomoa. Hajafundishwa ishara za mikono za waokoaji, wala kuzima injini zote zinapotangazwa dakika za ukimya ili wanaosikiliza wasikie mlio wa nondo ikigongwa. Nafasi mbili za madereva wa kampuni binafsi katika kozi ya watu 20 zina thamani zaidi kuliko jeki mpya.

Mkataba wenyewe nao uandikwe kwa namna ya kulinda fedha za umma. Ujuzi wa mikono hupotea haraka, hasa ule usiotumika kila wiki. Theluthi ya malipo izuiwe, na mkufunzi arudi baada ya miezi sita, usiku, bila kukitaarifu kikosi isipokuwa kamanda wake. Awape slabu moja ya kilo 4,300, mirunda iliyopo stoo, kipima gesi kilichopo kwenye gari, na mtu mmoja wa kuigiza aliyebanwa mguu. Kama betri ya kipima gesi imekufa na mirunda imeuzwa, iandikwe kwenye ripoti, na ripoti iende kwa aliyetia saini.