Brutus Baada ya Kisu

Uusomapo mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, aliotufasiria Mwalimu Nyerere mwaka 1963, usiishie penye kisu. Tazama yanayofuata. Brutus, mtu mwema kuliko wenziwe, amefikiri sana juu ya kuua. Juu ya nani atakayeitawala Roma jioni ile hakufikiri neno. Awahutubia watu, nao kwa furaha wataka yeye ndiye awe Caesar! Uchungu wa mchezo upo hapo, nao wasomaji wengi hupapita upesi. Kisha amwachia Antony mimbari, ajiendea zake. Muda si muda Cinna mshairi auawa njiani. Kosa lake ni kuitwa jina moja na mmoja wa wauaji. Halafu watawala watatu waketi kutia alama majina ya watakaokufa, na Lepidus akubali la ndugu yake mwenyewe.