Uthabiti wa Imani katika Tawasifu ya Adrian Atiman wa Karema

Sehemu hii inahakiki tawasifu ya tabibu na katekista Adrian Atiman, iliyochapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hoja yetu ni kwamba uthabiti wa imani ya msimulizi haupimwi kwa shukrani zake kwa waliomkomboa, bali kwa uamuzi wake wa kubaki.

Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, nchini Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa Jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Mapadre Weupe walimkomboa kwa kumnunua. Kadinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi wa leo. Alitibu na kufundisha dini hapo hadi alipofariki mwaka 1956, yaani takribani miaka 67.

Ni rahisi kuisoma tawasifu ya namna hii kama risala ya shukrani. James Mbotela ameshutumiwa hivyo kwa kitabu chake, Uhuru wa Watumwa (1934), na kwa maoni yetu shutuma hizo zina msingi: Waingereza wametukuzwa humo kiasi cha kuwafunika watumwa wenyewe. Atiman hatoshei katika kapu hilo. Kwake ukombozi unatokea mapema, angali mtoto, na karibu maisha yote yako mbele. Kwa hiyo swali zito si nani alimkomboa, bali uhuru huo aliutumia vipi. Aliutumia kukaa mahali ambapo hakuwa na ndugu. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mwanawe Joseph akawa padre. Imani hapa ni kazi ya kila siku: vidonda, homa, mafundisho, kisha vidonda tena.

Hatukubaliani, hata hivyo, na usomaji wa kiuchaji unaoyafanya mateso ya utotoni kuwa njia tu ya kufikia neema. Mtoto aliporwa wazazi, na hasara hiyo haikufutwa na ubatizo. Kusema kwamba ilikuwa lazima itokee ili Karema ipate tabibu ni kumdhulumu mara ya pili.

Tawasifu hii ilichapishwa kwa Kiingereza, na labda ndiyo sababu hatujaikuta katika mijadala ya tawasifu za Kiswahili tuliyoisoma. Mtafiti alilazimika kuisimulia kwa mdomo kwa waumini wachache wa Magamba, mjini Mpanda, katika mkoa uleule alikozikwa Atiman. Hakuna aliyeulizia kadinali wala Malta. Mama mmoja aliuliza kama mtoto yule alipata kumwona tena mama yake, na wengine wakanyamaza kungoja jibu.