Panya Amepona. Na Mutu wa Penga Penga Je?

Bandugu, kama ulisoma farmasia, biolojia ao udaktari wa wanyama, unaijua ile aina ya TFC. Kichwa ni kimoja tu, majina njo yanabadilika: mti fulani unalinda ini ao figo za panya juu ya sumu fulani. Nimesoma mingi za aina hii, za kwetu na za Nigeria, India na Misri. Leo nataka kuikosoa, kwa sababu hapa Lubumbashi si mambo ya juri na maksi tu.

Mpango wake unajulikana. Kundi moja la panya linapewa maji. La pili linapewa sumu. La tatu linakunywa maji ya majani kwa siku kadhaa, kisha sumu. La ine linapewa silimarini, dawa inayotoka kwa mmea wa Ulaya, Silybum marianum. Mwishoni damu inapimwa ALT na AST, vimeng'enya vinavyomwagika seli za ini zikiharibika. Vikishuka, mwanafunzi anaandika: mti unalinda ini. Makofi.

Sikatai kwamba mmea unaweza kulinda. Kule Ulaya, mutu aliyekula uyoga wa sumu Amanita phalloides anaweza kupewa silibini kwa dripu, na silibini inatoka kwa ule mmea wa silimarini. Shida yangu ni neno "unalinda" linavyotumiwa.

Angalia sumu yenyewe. Mara nyingi ni tetrakloridi ya kaboni. Nani anaikunywa hapa kwetu? Tena, hiyo kemikali haichomi ini moja kwa moja. Kimeng'enya cha ini, CYP2E1, njo kinaigeuza kuwa kitu kikali. Sasa majani yakizuia hicho kimeng'enya mbele ya sumu kuingia, namba zitakuwa nzuri sana. Ila ini halikuponywa wala halikupewa nguvu. Moto haukuwashwa, basi. Na parasetamoli iko vilevile: kimeng'enya hicho kinashiriki kuigeuza kuwa sumu. Mgonjwa wa kweli anafika hospitali kiisha kumeza. Dawa yake inajulikana, asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo TFC inayotoa majani mbele ya sumu tu haijajibu swali la munganga.

Na sumu yetu sisi ni gani? Ni metali. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU na wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa kusini mwa Katanga. Wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko ilivyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida popote. Metali ni elementi. Hakuna jani linaloivunja. Kadimiamu ikishaingia kwenye figo, nusu yake tu inachukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Dondoo linaweza kutuliza uharibifu kwa wiki mbili, na metali ikabaki palepale. Anayesema mti "unaondoa" metali apime metali yenyewe, katika figo na katika mkojo, si kreatinini peke yake.

Kisha kuna dozi. Panya anapewa miligramu 400 kwa kilo. Ukigawanya kwa 6.2, kama inavyofanywa kutoka panya mkubwa kwenda mutu, ni kama miligramu 65. Mutu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 4 za dondoo kavu kila siku. Kama gramu 100 za majani makavu zinatoa gramu 10 za dondoo, ni gramu 40 za majani, kila siku. TFC ngapi zinafanya hiyo hesabu ya dakika mbili?

Swali ambalo karibu halionekani ni hili: majani yalichunwa fasi gani? Upande wa Penga Penga, moshi wa kile kiwanda cha zamani ulimwaga shaba, risasi na kadimiamu kwenye udongo kwa miaka mingi. Jani lililoota hapo linaweza kubeba sumu ileile tunayosema linaizuia. Na mmea wenyewe unaweza kuua figo. Brussels, miaka ya 1990, wanawake waliokunywa mimea ya kupunguza uzito iliyochanganyika na Aristolochia waliharibika figo, wengine kabisa. Nao waliambiwa ni dawa ya asili.

Njo maana nasema si mambo ya maksi tu. Muuzaji wa chupa ya "kusafisha damu" hasomi TFC yako. Lakini ile sentensi "imethibitishwa kwa chuo" inasafiri haraka kuliko kitabu. Mchimbaji akiisikia, atakunywa asubuhi na kushuka shimoni bila kitu cha kufunika pua, roho imetulia. Hapo sentensi yako imemfanyia kazi mbaya.

Mimea inaweza kutulinda kwa njia ingine. Watafiti wa agronomia wa UNILU walijaribu nyasi ya kwetu, Microchloa kunthii, ifunike udongo wa Penga Penga, pamoja na chokaa na mboji, metali isitimuke na vumbi. Hiyo ni kinga inayoanza kule sumu inakotoka, mbele haijafika kwenye ini.

Wewe unayetafuta somo la TFC mwaka huu, usiache miti. Chagua metali ya hapa. Toa dondoo kiisha sumu, si mbele tu. Pima metali ndani ya majani. Weka kundi la panya wanaokunywa majani peke yake, tuone kama yenyewe hayadhuru. Na matokeo yakiwa "hakuna kinga", yaandike vilevile. Hiyo karatasi nitaisoma kwa furaha kuliko zile zote zenye panya waliopona.