Fundi Anayesoma Kabla ya Kuwasha Upya

Kipushi ni mji wa mpakani, kilomita thelathini hivi kutoka Lubumbashi, ukitazamana na Zambia. Na mpakani mzigo haupiti bila karatasi. Printa ya ofisi ikigoma, fundi huitwa mbio na kupewa ushauri uleule: zima, washa. Fundi ninayemsifu hapa ni yule anayeuweka kando ushauri huo kwa dakika chache, akaiuliza kwanza foleni ya uchapishaji imekwama wapi. Wanaomzunguka wanaweza kuona anachelewesha watu. Mimi naona hapo ndipo ufundi wake ulipo, na ushahidi umo ndani ya mfumo wenyewe.

Kwenye seva nyingi za jamii ya Unix, kazi ya kuendesha foleni hiyo hufanywa na CUPS, programu ya Michael Sweet iliyotolewa mwaka 1999, ambayo Apple waliinunua mwaka 2007. Hufanya kazi chinichini na hakuna anayeikumbuka mpaka inyamaze. Ndani yake mna milango miwili: mmoja wa kupokea hati, mwingine wa kuzipeleka kwenye printa, na huu wa pili unaweza kufungwa huku wa kwanza uko wazi. Umeme ukikatika hati ikiwa njiani, sehemu inayopeleka data inaweza kurudisha kosa, na kwa mipangilio ya mifumo mingi CUPS huisimamisha foleni ili hati zisipotee. Umeme hurudi, taa ya printa huwaka kijani, foleni imesimama vilevile. Karani hutuma tamko la forodha, hupokelewa bila tatizo, halitoki. Hutuma tena, na tena, hata mara sita. Fundi mwenye subira huandika lpstat -t, na jibu humwambia foleni ipi imefungwa na tangu saa ngapi. Hufungua /var/log/cups/error_log asome sababu, kisha huangalia kama diski yenye /var haijajaa. Kabla ya kuifungua foleni kwa amri ya cupsenable, hufuta nakala za ziada kwa amri ya cancel, kwa maana bila hivyo tamko moja litatoka mara sita, na karatasi sita zinazofanana ni balaa mezani pa afisa wa forodha.

Atakayenipinga atasema kuzima na kuwasha mara nyingi kunaponya, na madereva wanangoja. Ni kweli, wakati mwingine kunaponya. Lakini hali ya foleni iliyosimamishwa huandikwa katika faili la printers.conf, na huduma ikiwashwa upya hulisoma faili hilo na kurudi palepale ilipokuwa. Na pale dawa hiyo inapofaulu, chanzo hubaki bila kujulikana, tayari kurudi kesho. Wakazi wa Kipushi wanajua kazi isiyoonekana inavyodai matunzo: uzalishaji katika mgodi wa mji wao uliposimama mwaka 1993, pampu ziliendelea kuvuta maji, na zilipokosa matunzo, mwaka 2011 maji yalipanda mpaka mita 851 chini ya uso wa ardhi. Kuyatoa kulichukua miaka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kwa nini mashine isijirekebishe yenyewe? CUPS inaruhusu. Ukichagua abort-job, hati iliyoshindikana hutupwa na foleni husonga mbele. Ukichagua retry-current-job, hati hiyo hujaribiwa tena papo hapo, na ikiwa ni mbovu hushikilia zote zilizo nyuma yake. Stop-printer huhifadhi kila kitu lakini humhitaji mtu wa kufungua. Hakuna hata moja inayomwondoa fundi, kwa sababu kuchagua kati yao kunamtaka mtu aliyeyasoma makosa ya ofisi hiyo na kujua yanatokana na umeme, hati au diski. Kwa ofisi ya mpakani ningeacha stop-printer: hati iliyotupwa kimya yaweza kumlaza dereva barabarani usiku kucha, ilhali foleni iliyosimama hufunguliwa kwa amri moja na anayejua kwa nini ilisimama.